Majirani wa Marx Kilimani Highgate

Kaburi la Claudia Jones halikuwa na jiwe. Lilikuwa upande wa kushoto wa Karl Marx, hatua chache kutoka kwenye ile sanamu kubwa ya kichwa chenye ndevu ambayo watu hutoka pande zote za dunia kuja kupiga nayo picha, na juu yake palikuwa na majani tu. Asiyeonyeshwa angepita juu yake na kuendelea na safari yake.

Mimi nilionyeshwa. Ulikuwa mwaka 1982, baridi inaanza kuuma, nami nilikuwa binti wa Morogoro niliyepelekwa London kusomea unesi katika hospitali moja ya kaskazini mwa jiji. Aliyenionyesha ni sista wa wodi yetu, mama wa Kitrinidad aliyefika Uingereza miaka ya hamsini, mkali kazini kiasi kwamba hata madaktari vijana walimwogopa. Jumapili moja baada ya zamu ya asubuhi aliniazima koti, tukapanda Highgate Hill, tukakatiza bustani ya Waterlow Park na kutokea Swain's Lane, kijia chenye mteremko mkali kinachoyagawa makaburi ya Highgate mapande mawili: Magharibi, yale ya zamani, na Mashariki, aliko Marx. Nilidhani ananipeleka kwa Marx, maana ndiye niliyemsoma shuleni kwetu enzi za Azimio la Arusha. Sista alimpita Marx bila kumtazama. Akasimama kwenye majani.

"Yuko hapa," akasema. "Mwanamke huyu alitufundisha kutembea barabarani bila kuinamisha kichwa."

Claudia Jones alizaliwa Trinidad mwaka 1915, akakulia New York, akawa mkomunisti na mwandishi. Wamarekani wakamfunga kwa ajili ya siasa zake, kisha Desemba 1955 wakamfukuza nchini mwao. Alifika London akiwa mgonjwa wa moyo na mapafu. Mwaka 1958 alianzisha gazeti la West Indian Gazette kule Brixton. Mwaka huohuo vijana wa Kizungu waliwashambulia watu weusi mitaani Notting Hill, na jibu la Claudia likawa ngoma: Januari 1959 aliandaa kanivali ndani ya ukumbi wa St Pancras Town Hall, watu wakacheza katikati ya majira ya baridi. Sista alikuwa miongoni mwao, msichana aliyetoka kushuka melini. Claudia alifariki mkesha wa Krismasi wa 1964, peke yake chumbani, na mwanzoni mwa 1965 wenzake wakamweka pale, jirani na Marx. Nafasi ilipatikana. Fedha za jiwe hazikupatikana.

Maneno hayo ya Sista niliyabeba nikaenda nayo kazini. Kwetu Morogoro kaburi lisilo na jiwe si jambo la ajabu, ndugu wapo na mahali wanapajua. Pale ugenini waliopajua walikuwa wanazeeka. Kila aliyekufa kati yao alipunguza idadi ya watu walioweza kusema yuko hapa. Ndipo nilipoanza kupenda kwenda Highgate siku zangu za mapumziko, na ndipo nilipojiunga na watu waliokuwa wakijitolea kufyeka upande wa Magharibi.

Inafaa nieleze makaburi yale yalifikaje hali ya kufyekwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 London ilikuwa na watu wapatao milioni moja, na nusu karne baadaye walikuwa zaidi ya milioni mbili. Wafu walizikwa viwanjani mwa makanisa, jeneza juu ya jeneza, hadi udongo ukapanda kufikia madirisha na maji ya visima yakaharibika. Kwa kuwa serikali haikutaka kubeba mzigo huo, Bunge liliruhusu kampuni binafsi zifungue makaburi nje ya jiji, na kati ya 1832 na 1841 yakafunguliwa makubwa saba. Highgate ni mojawapo. London Cemetery Company ilinunua ekari 17 za mteremko wa kilima kwa pauni 3,500, na Mei 20, 1839 Askofu wa London akapatabaruku. Ekari 15 ziliwekwa kwa ajili ya Kanisa la Anglikana, mbili zikaachwa kwa Wakristo waliojitenga na kanisa hilo na kwa wasio na dini. Msanifu wake, Stephen Geary, naye alizikwa humohumo.

Ilikuwa biashara, na kwa miongo kadhaa ililipa sana. Matajiri wa enzi ya Malkia Victoria walitaka hata kufa kuwe na cheo. Ndani ya kilima wakajengewa mtaa mzima wa nyumba za maiti: unaingia kwa lango lenye nguzo za Kimisri, unapita kijia chenye milango ya chuma huku na huku, unatokea kwenye duara la vyumba vya mawe vilivyozunguka mwerezi wa Lebanoni. Mti ule ulikuwa pale kabla ya makaburi, wajenzi wakachimba chini kuuzunguka, ukabaki juu ya mapaa ya wafu kama mchungaji juu ya zizi lake. Katikati ya karne walipoongeza upande wa Mashariki walitengeneza mtambo wa kushusha jeneza kutoka kanisani hadi kwenye njia ya chini kwa chini, likavuka chini ya Swain's Lane bila kutoka nje ya uwanja wa makaburi.

Lakini hesabu ya biashara ile ilikuwa na ugonjwa ndani yake. Kampuni iliuza kaburi mara moja na kuahidi kulitunza milele. Makaburi yalipojaa, fedha mpya zikakatika huku kazi ya kufyeka ikibaki palepale. Watunza bustani wakaenda vitani, wengine hawakurudi. Waingereza wakaanza kuchoma maiti zao, na mwaka 1960 kampuni ile iliyoelemewa ikamezwa na nyingine, nayo ikaishiwa. Mwaka 1975 milango ya Magharibi ikafungwa kwa minyororo. Walipumzika humo, pande zote mbili, watu wapatao 170,000 katika makaburi 53,000 hivi, na juu ya Magharibi msitu ukajiotea wenyewe. Mizizi ilipenya kwenye maungio ya mawe na kuyainua. Mimea ya kutambaa ilifunika malaika wa marumaru hadi shingoni.

Katika miaka ile ya kutelekezwa ndipo ulipozuka uvumi wa mnyonya damu. Waliokulia pwani ya Afrika Mashariki wanaujua uvumi wa namna hiyo, sisi tuna mumiani. Machi 1970 televisheni ilitangaza habari za kiumbe kirefu cheusi kinachotembea makaburini, na usiku uleule wa Ijumaa tarehe 13 makundi ya watu yakaparamia kuta kwenda kumwinda. Wazee niliofyeka nao walikuwa bado wanasimulia hayo kwa hasira. Majeneza yalivunjwa, maiti zikatolewa. Nimeosha maiti nyingi katika maisha yangu ya kazi, na sijawahi kuona cha kuchekesha katika habari hiyo.

Chama cha marafiki wa makaburi, Friends of Highgate Cemetery, kiliundwa mwaka uleule wa 1975, na mwaka 1981 ardhi yote ikapatikana kwa ajili yao kwa pauni 50. Hamsini tu. Hakuna aliyeitaka. Nilipojiunga, kazi ilikuwa ni msumeno, panga fupi na glavu. Tulikuwa mwalimu mstaafu, mpeleka barua mmoja, mama wawili wa mtaani na mimi, Mwafrika pekee, na niseme wazi kwamba sikuwahi kubaguliwa mle ndani. Mikono ilikuwa michache mno kwa kazi ile kwa mtu kuchagua nani amshikie tawi.

Nilichojifunza katika kufyeka ni kwamba mji wa wafu una mambo mengi kuliko mji wa walio hai. Chini ya majani tulikuta mbwa wa mawe amelala juu ya kaburi la Tom Sayers, bondia aliyefariki 1865. Maelfu walimsindikiza, na nyuma tu ya gari la maiti aliwekwa mbwa wake, Lion, peke yake katika kigari, kama mfiwa mkuu. Kuna simba wa mawe juu ya George Wombwell, aliyezungusha wanyama wa maonyesho Uingereza nzima na kufa 1850. Simba halisi aliyeigwa aliitwa Nero, na Waingereza wenzangu walishangaa niliposema kwamba kwetu Mikumi simba wanaonekana kando ya barabara kuu. Yupo Michael Faraday, mwana wa mhunzi, ambaye bila ugunduzi wake tusingekuwa na jenereta wala umeme wa kuwasha wodi. Amelala pembeni, katika sehemu ya waliojitenga, kwa sababu kanisa lake lilikuwa dogo na yeye hakulikana.

Na yupo Elizabeth Siddal. Alikuwa mchoraji na mke wa Dante Gabriel Rossetti, naye alifariki 1862 baada ya kunywa laudanumu, dawa ya afyuni. Mumewe kwa uchungu aliweka jenezani daftari lenye mashairi yake, nakala pekee ya mengi kati yake. Miaka saba ikapita, uchungu ukapoa, akayataka mashairi. Oktoba 1869, usiku, watu waliotumwa naye wakawasha moto karibu na kaburi, wakafukua, wakalitoa daftari, wakalisafisha kwa dawa ukurasa kwa ukurasa. Yeye mwenyewe hakwenda. Mashairi yakachapwa mwaka uliofuata. Nimesoma wanaomtetea kwa jina la sanaa. Mimi niliyefyeka juu ya jiwe la yule dada nasema alichompa alipaswa kumwachia.

Mwaka 1983 ulikuwa wa Marx. Alifariki Machi 14, 1883, na alipozikwa siku tatu baadaye walihudhuria watu wapatao 11, rafiki yake Engels akahutubia. Aliwekwa katika kaburi la mkewe Jenny, mahali pa kujificha, pasipo sifa yoyote. Ni mwaka 1954 tu alipohamishiwa kando ya njia kubwa, na sanamu iliyotengenezwa na Laurence Bradshaw ikazinduliwa 1956. Miaka mia ilipotimia niliona mashada mpaka mengine yakawekwa juu ya mengine, na lugha nisizoweza kuzihesabu. Watu walisoma jina la Marx wakatosheka. Mimi nilizoea kusoma majina yote matano ya jiwe lile, maana la mwisho kufikiriwa na wengi ni la Helene Demuth, mtumishi wa ndani, aliyewapikia, akawalelea watoto, akawatunza walipokuwa hawana hata fedha ya mkate. Familia ilimzika pamoja nao. Katika nyumba ngapi za Dar es Salaam na Nairobi dada wa kazi anakumbukwa hivyo?

Septemba mwaka huohuo akafariki Dakta Yusuf Dadoo. Watu wa umri wangu kutoka Morogoro hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1969, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei mosi, ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake mkubwa mjini kwetu. Sisi watoto tulijua tu kwamba kuna wageni na kwamba hatupaswi kuuliza maswali. Ndipo ANC ilipofungua milango yake kwa wanachama wasio Waafrika weusi katika kazi za nje, na Dadoo, mwenye asili ya Kihindi, akawa makamu wa Oliver Tambo katika Baraza la Mapinduzi la chama hicho. Alizaliwa Krugersdorp mwaka 1909, akasomea udaktari Edinburgh, akafungwa kwa kuongoza upinzani wa Wahindi dhidi ya sheria za ubaguzi, akakimbia nchi yake 1960. Alipokuwa anakufa London, ubaguzi ulikuwa bado una nguvu zote, na kumrudisha Krugersdorp hakukuwezekana. Wakamzika Highgate, mita chache kutoka kwa Marx.

Siku ya mazishi nilikuwa zamu. Nilikwenda siku zangu za mapumziko zilipofika, nikakuta udongo bado umetuna na maua yanaanza kunyauka. Kando yake alikuwa amesimama mwanaume wa makamo, mweusi, kofia mkononi. Aliponisikia nikimwambia mwenzangu niliyekwenda naye neno la Kiswahili aligeuka haraka.

"Dada, shikamoo haipo hapa?" akaniuliza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kusini.

Nikamwamkia. Akaniuliza kwetu wapi. Niliposema Morogoro akanishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Alikuwa amekaa kambi ya Kongwa miaka ya sitini, kijana wa jeshi la ukombozi, akisubiri vita ambavyo kila mwaka aliambiwa ni mwakani. Alitaja vitu vidogo: vumbi jekundu, mama aliyewauzia maziwa na kuwaita wanangu. Aliniambia ana rafiki amezikwa Mazimbu, kule nje kidogo ya mji wetu, shamba la zamani la mkonge ambako ANC walijenga chuo chao cha Solomon Mahlangu. Akaniomba nikirudi nyumbani nimpitie. Akanipa jina na mimi nikaliandika kwenye kijitabu cha joto la wagonjwa, kwa sababu ndicho kilichokuwa mfukoni.

Tulisimama pale hadi mlinzi alipopiga kengele. Nilimwonyesha kaburi la Claudia, hakuwa analijua. Akavua tena kofia aliyokuwa ameshaivaa.

Mwaka 1984 jiwe la Claudia likawekwa, baada ya kama miaka ishirini. Watu wa Karibiani walichangishana, na kikundi cha wanawake weusi kilichochukua jina lake kilikuwa kimeshaanza kazi mashariki mwa London. Sista aliniita wodini kunipa habari, mlango umefungwa, na ndiyo mara pekee nilipomwona analia. Alikwenda kulisoma jiwe lile akiwa amevaa sare kamili na saa yake ya kifuani, akasoma kwa sauti, kila neno, kisha akamgeukia Marx kwa mara ya kwanza tangu nimjue na kumpa habari za mchana.

Nilirudi nyumbani katikati ya miaka ya themanini. Mazimbu nilikwenda, na jina nililopewa nikalikuta. Mwaka 1992 chuo kile kilikabidhiwa serikali yetu, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na makaburi ya Waafrika Kusini yako palepale chini ya milima ya Uluguru.

Highgate nimerudi nikiwa mtu mzima, mgeni wa watoto wa Sista. Magharibi sasa kuna vijia safi, na wageni hulipa kuingia. Mwerezi ulikatwa 2019 kwa sababu ya kuoza, ukapandwa mwingine mchanga. Mwaka uleule Marx alipigwa nyundo na kumwagiwa rangi nyekundu. Wapya wameongezeka: Eric Hobsbawm mwanahistoria, George Michael mwimbaji, na Alexander Litvinenko, Mrusi aliyeuawa kwa sumu ya poloniamu 2006, ambaye jeneza lake lilitandikwa ndani madini ya risasi ili mionzi isitoke. Sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2022 inaruhusu makaburi yaliyopita miaka 75 yatumike tena, ilimradi wenye haki wasipinge. Wengine wanaiona ni kufuru. Mimi naiona ni njia ya kupata fedha za kufyeka, na naiunga mkono.

Tangu Afrika Kusini iwe huru imekuwa ikiwarudisha watu wake. Machi 2015 walirudishwa kutoka Moscow Moses Kotane na J.B. Marks, yule aliyeongoza kikao cha Morogoro, na mwaka 2024 wakarudishwa makumi ya wengine kutoka Zambia na Zimbabwe. Mpwa wangu, kijana msomi, ananiuliza kila tunapozungumza: "Shangazi, Dadoo anangoja nini kule kwa Waingereza? Mtu azikwe kwao."

Namjibu kwa habari ya Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi hapa kwetu. Mwaka 1955 Dadoo, Huddleston na Chifu Albert Luthuli walipewa siku moja nishani kubwa ya Isitwalandwe. Huddleston alikuwa Mwingereza, akafariki Uingereza 1998, na majivu yake yakapelekwa Sophiatown, Johannesburg, kwenye kanisa alilolihudumia. Mwingereza amelala Afrika Kusini, Mwafrika Kusini amelala Uingereza. Mpwa wangu anasema hiyo si sababu, kwamba mmoja alichagua na mwingine alilazimika. Ana haki katika hilo. Lakini nimesimama pale, nimewaona wanaokuja kumpiga picha Marx wakigeuka wasome jina la Dadoo, kisha la Claudia, wakatoa simu zao kutafuta watu hao ni akina nani. Krugersdorp wangemjia wanaomjua. Highgate wanamjia wasiomjua, nami nataka aendelee kubaki hapo, karibu na yule mwanamke aliyekaa miaka ishirini bila jiwe.